Jambazi Akirudi Nyumbani Kula

Karibu na soko la Karatina kuna kijana anayeuza muvi. Nilipokuwa shule ya msingi biashara hiyo ilikuwa ya diski, zimepangwa ukutani kutoka sakafuni hadi darini. Siku hizi ana kompyuta moja, viti viwili na waya mwingi. Unampa flashi, unamwambia unachotaka, anakujazia, unalipa. Nilipomwomba kitu cha mafia aliniuliza swali moja tu: "Ya kupigana ama ya familia?"

Nikamuuliza inayoenda sana ni ipi. Akasema ya kupigana mtu huangalia mara moja akasahau. Ya familia, mtu hurudi kesho yake asubuhi, macho mekundu, kuuliza kama msimu unaofuata uko.

Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo na kurudi nyumbani, naandikia watu wengine makala kwa malipo ya kuhesabiwa maneno. Usiku ulikuwa wangu. Nikabeba The Sopranos yote, misimu sita, vipindi 86. Ilianza kuonyeshwa Marekani Januari 1999, mwaka niliozaliwa mimi, na kipindi cha mwisho kikaonyeshwa tarehe 10 Juni 2007, nikiwa darasa la pili. Nilikuwa naiangalia kwenye laptopu, sebuleni, kwa sababu chumba changu hakina soketi inayofanya kazi.

Mama hapendi muvi. Alikuwa akipita tu, anatoka jikoni kwenda kulala, anaangalia kidogo akiwa amesimama. Jina la Tony Soprano hakulishika. Aliniuliza tu, karibu kila usiku, "Bado huyo mtu mnene anakula?" Na kweli alikuwa anakula. Yuko mbele ya friji na gauni la kulalia, anakula nyama baridi kwa vidole.

Usiku mmoja Mama alisimama muda mrefu kuliko kawaida. Ilikuwa msimu wa tatu. Carmela, mke wa Tony, ameenda kwa daktari mzee wa akili, anataka kusaidiwa kuvumilia ndoa yake. Daktari anamwambia aondoke, achukue watoto. Anakataa malipo yake kwa sababu ni pesa ya damu. Tena anamwambia kwamba kuanzia siku hiyo hawezi kusema hakuna aliyemwambia. Carmela anarudi nyumbani, anajilaza kwenye kochi, na kabla kipindi hakijaisha amemshurutisha mumewe atoe dola 50,000 kwa chuo anachosoma binti yao.

Mama alikuwa ameshika kikombe. Akasema, "Huyo daktari hana watoto wa kusomesha." Kisha akaenda kulala.

Sikuendelea na kipindi kilichofuata. Nilikaa pale nikijiuliza mama yangu, muuza mboga wa Mathira, amejuaje jambo ambalo wahakiki huandikia kurasa nyingi. Na nikajiuliza swali la pili, ambalo ndilo limenifanya niandike haya: kwa nini sisi wa Nyeri, Murang'a na Kirinyaga, ambao magenge hatukuyaona kwenye kioo bali kwenye steji na kwenye milango yetu, tunapenda hivi hadithi za familia za majambazi?

Jibu la haraka ni pesa na bunduki. Siliamini. Kama ingekuwa hivyo, vibanda vya video vingetutosha. Nilikulia humo: mabenchi ya mbao, pazia la gunia, na sauti ya DJ Afro ikisimulia kwa Kiswahili na Sheng juu ya sauti za waigizaji. Hizo zilikuwa muvi za mateke na risasi, na zilifaa kusimuliwa kwa sababu adui alikuwa adui tu. Hatukuuliza analala wapi. Akifa tulipiga makofi, kisha tukasubiri mwingine. The Sopranos nisingependa kuisikia ikisimuliwa hivyo, kwa kuwa mambo yake makubwa hutokea watu wakiwa wameketi kimya. Mtu ametoka kuua, sasa yuko mezani, bintiye anamuuliza swali, naye anatafuna polepole ili apate muda wa kutunga jibu.

Hicho ndicho kinachotuvuta: jambazi aliyerudi nyumbani kula. Na ili kuelewa kwa nini sisi kinatuvuta zaidi, lazima turudi nyuma kabla ya runinga.

Neno genge lina historia yake Nyeri. Katika miaka ya Hali ya Hatari, kuanzia Oktoba 1952, Waingereza hawakuwaita wapiganaji wa msituni jeshi. Waliwaita magenge. Frank Kitson, afisa wa jeshi aliyesaidia kubuni vikosi vya bandia vilivyojifanya Mau Mau ili kuwanasa Mau Mau wenyewe, alichapisha kitabu mwaka 1960 na jina lake ni Gangs and Counter-gangs. Ian Henderson, polisi aliyekulia Kenya na kusema Gikuyu kama mwenyeji, alitoa chake mwaka 1958 kuhusu msako wa Dedan Kimathi. Ukikisoma leo unaona kina kila kitu cha hadithi ya uhalifu: mpelelezi mvumilivu, msitu, baridi, windo linalokaribia kila ukurasa. Kinachokosekana ni nyumba ya anayewindwa. Kimathi wa kitabu hicho ni nyayo na alama za kambi.

Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa mjini Nyeri mwezi uliofuata kwa kosa la kupatikana na bastola, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kaburi lake familia haikuonyeshwa. Mjane wake, Mukami Kimathi, alifariki Mei 2023 bila kumzika mumewe. Mau Mau yenyewe ilibaki kundi haramu kisheria hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru ambao waliupigania.

Sisemi kwamba Kimathi alikuwa jambazi. Nasema kwamba mahali petu, hadithi ya kwanza kubwa ya genge iliandikwa na polisi, na polisi huandika mtu akiwa nje, hawaandiki akiwa kwa mama yake. Na kwa mama yake ndiko mambo yalikuwa magumu zaidi. Zaidi ya Wakikuyu milioni moja walihamishiwa vijiji vya lazima kuanzia 1954. Katika boma moja, ndugu mmoja alikuwa msituni na mwingine alikuwa ngati, yaani mlinzi wa serikali. Vita vilipoisha wote wawili, waliobaki, walirudi kula chungu kimoja. Watoto walifundishwa kutouliza guka alikuwa upande gani. Hiyo adabu ya kutouliza tuliirithi pamoja na mashamba.

Mtu wa kwanza kuivunja kwa sauti kubwa alitoka Murang'a. John Kiriamiti, aliyezaliwa 1950, alihukumiwa mwaka 1971 kifungo cha miaka 20 kwa wizi wa mabavu. Gerezani aliandika. Kitabu chake, My Life in Crime, kilitoka 1984, na hadi leo ni miongoni mwa vitabu vya Mkenya vilivyosomwa sana. Mimi nilikisoma kidato cha pili, chini ya dawati, nakala isiyo na jalada wala kurasa za mwisho. Kwa mara ya kwanza mwizi alikuwa anajisemea mwenyewe, tena mwizi anayejua njia ya Murang'a ninayoijua mimi.

Lakini kitabu kilichonikaa zaidi ni kile kilichofuata mwaka 1989, ambamo Kiriamiti alimpa nafasi mpenzi wa yule mwizi, Milly, asimulie upande wake. Watu hukitaja kama kiambatisho cha kile cha kwanza. Mimi naona ndicho kilichofanya kazi ngumu. Kile cha kwanza kinaeleza jinsi ya kuiba benki. Cha pili kinaeleza jinsi ya kumpenda mtu ambaye kazi yake huijui, kisha unaijua. Miaka 10 kabla ya Carmela kutokea kwenye skrini, Murang'a ilishampata wa kwake.

Halafu ikaja Mungiki, na kalamu ikarudi kwa polisi.

Mungiki ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 upande wa Laikipia, kama kundi la kidini na kimila: kuomba wakiuelekea Mlima Kenya, kunusa tumbaku, kula kiapo, kujiita warithi wa Mau Mau. Mapigano ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika Bonde la Ufa yaliwaacha vijana wengi bila shamba wala kazi, nao wakaingia. Kufikia mwisho wa miaka hiyo kundi lilikuwa limeshika steji za matatu. Ukitaka gari lako lipakie, unalipa. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi waliuza maji, stima na ulinzi. Machi 2002, baada ya zaidi ya watu 20 kuuawa Kariobangi, serikali ilipiga marufuku Mungiki pamoja na makundi mengine. Mwaka uliofuata serikali mpya ikaondoa marufuku ya Mau Mau. Genge moja likatoka kwenye orodha, lingine tayari limo.

Diego Gambetta, mwanazuoni wa Kiitaliano, aliandika mwaka 1993 kwamba mafia wa Sicily kimsingi ni biashara, na bidhaa yao ni ulinzi. Ukabaila ulipofutwa Sicily mwaka 1812, ardhi ikaanza kuuzwa na kununuliwa mahali ambapo dola haikuweza kumlinda mnunuzi wala muuzaji. Aliyekuwa na nguvu akauza utulivu, na asiyenunua akaonyeshwa kwa nini alihitaji kununua. Ukisoma maelezo hayo ukiwa umewahi kupanda matatu ya Karatina katika miaka ile, huhitaji kufafanuliwa. Makanga anashuka, anampa kijana mmoja noti iliyokunjwa, anarudi, gari linaondoka. Hakuna aliyegeuza shingo. Ada hiyo ilikuwa ndani ya nauli yetu sote.

Mmoja wa vijana waliopokea noti zilizokunjwa alikuwa mjomba wangu, ndugu mdogo wa Mama.

Sikulijua hilo nikiwa mtoto. Nilichojua ni kwamba alikuwa "kwa steji". Alivaa jaketi ya ngozi hata jua likiwaka. Mimi nina jina la baba yao, kwa hivyo Mama huniita baba, kama ilivyo kwetu, na mjomba pia aliniita baba. Alikuwa akiingia, ananipa mkono kama mtu mzima, anasema, "Baba, umeshindaje?" Nilikuwa na miaka saba. Hakuna mwanaume mwingine aliyewahi kunisalimia kwa heshima kiasi hicho.

Kabla ya Kombe la Dunia la 2006 alituletea runinga, Great Wall ya inchi 14, ya rangi nyeusi na nyeupe, na betri ya gari ya kuiwasha, kwa sababu stima ilikuwa haijatufikia. Majirani walikuja kuangalia mechi, wakakaa hadi mlangoni. Januari iliyofuata alininunulia viatu vya shule na sweta. Elimu ya msingi ilikuwa bure tangu 2003, lakini viatu havikuwa bure. Mama alipokea vyote. Alisema asante. Hakuuliza. Naye, sokoni, kila wiki, alikuwa akiwalipa vijana wengine wa kundi lile lile ili meza yake ya sukuma wiki isipinduliwe. Pesa zilitoka mkono wake wa kushoto zikazunguka, na nyingine zikarudi kwa wa kulia zikiwa viatu vya mtoto.

Mwaka 2007 mambo yaliharibika. Mei na Juni watu walikatwa vichwa huko Kiambu na Murang'a. Polisi waliuawa Mathare, na msako uliofuata ukaua watu wengi. Ni mwezi huo huo ambapo Wamarekani walikuwa wakibishana kuhusu kipindi cha mwisho cha The Sopranos. Mwaka uliofuata, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti iliyozungumzia karibu watu 500 waliouawa au kutoweka, wakidhaniwa kuwa Mungiki. Ripoti iliwalaumu polisi, polisi wakakana. Magazeti ya wakati huo yalikuwa na mtindo mmoja: washukiwa kadhaa wa Mungiki wauawa, idadi, mahali, basi. Miili ilikuwa na idadi bila kuwa na dada.

Mjomba alitoka nyumbani kwetu siku moja mwezi Septemba mwaka huo. Hakurudi. Haikutangazwa popote, mwili haukuletwa, na hakuna matanga yaliyofanywa. Cucu alikwenda mochari tatu akiwa na picha yake ya kitambulisho. Kisha akaacha kwenda. Jina lake likaanza kuepukwa mezani, mpaka likaonekana kama halijawahi kuwepo.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa ya huzuni tu, na ningeweza kuiweka karibu na Tony Soprano bila shida. Haikuishia hapo.

Usiku wa tarehe 20 Aprili 2009, katika kijiji cha Gathaithi, si mbali na Karatina, watu 29 waliuawa kwa mapanga na mashoka. Wenyeji wa Mathira na Kirinyaga walikuwa wamechoka kutozwa, vijana wakajipanga usiku kulinda vijiji, na washukiwa wa Mungiki kadhaa wakauawa. Gathaithi ndipo kisasi kilipotua. Shule zilikuwa zimefungwa. Nakumbuka Mama akivuta gunia la mahindi na kuliegemeza mlangoni, na sisi tukilala na viatu. Nakumbuka magari ya wanahabari barabarani. Nakumbuka wanawake wa soko wakilia, na Mama akilia pamoja nao, kwa sababu alikuwa anawajua waliokufa, amewauzia, amenunua kwao.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa alichokuwa amebeba siku hiyo. Ndugu yake angekuwa hai, angekuwa upande gani wa lile panga? Hakuna aliyemuuliza Mama, na yeye hangethubutu kusema. Hakuweza kumlilia ndugu yake mbele ya wanawake waliozika waume zao. Hakuweza pia kumkana, kwa sababu viatu vyangu bado vilikuwa mguuni. Katika Mathira ya 2009, kumkumbuka kijana wa Mungiki kwa upendo kulikuwa ni kuwatusi waliokufa. Nakubali kwamba kulikuwa hivyo. Ningekuwa mmoja wa waliofiwa, nisingetaka kusikia kwamba alinisalimia kwa heshima.

Kwa hivyo narudi kwa swali langu, na jibu ninalolipata ni hili. Tamthilia ya familia ya jambazi inatuvuta kwa sababu inaturuhusu kufanya jambo ambalo kijijini haliwezekani: kujua kwamba mtu ni mwovu na bado kumwekea chakula. Hapo ndani ya skrini hakuna jirani wa kuombwa radhi. Unaweza kumwogopa Tony saa mbili na kumhurumia saa mbili na nusu, na asubuhi huna deni na mtu. David Chase, aliyeitunga, amesema mara nyingi kwamba mhusika Livia, yule mama mkali wa Tony, alitokana na mama yake mzazi. Naye, nadhani, alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mtu ambaye hakuweza kumweka kwingine. Kuna pia yule daktari wa Tony, Melfi, anayemuuliza maswali wiki baada ya wiki. Mahali ambapo sote tumefunzwa kutouliza, kumtazama mtu akiuliza kwa utulivu, na mwingine akilazimika kujibu, ni starehe yenyewe.

Lakini kuna mahali ambapo tamthilia hizi zinatudanganya. Kamera huishi kwa mpokeaji. Mlipaji huonekana dakika tano: mwenye duka anatishwa, anakuwa na deni, duka linafilisiwa, anatoka kwenye hadithi. Hatujui alikula nini usiku ule. Hata filamu yetu nzuri, Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga ya mwaka 2012, ambamo kijana wa mashambani anayeuza muvi kwa kuziigiza mbele ya wateja anaenda Nairobi na kuishia kwenye genge, inakaa na kijana. Tunamjua, tunamtetea. Walioibiwa vioo na taa za magari ni watu wa kupita. Nikijaribu kufikiria tamthilia ya Gathaithi, naona ingebidi iwe na meza mbili, na kamera isiyokubali kuondoka kwa yoyote kati yake. Mama yangu angeweza kuiandika, maana alikaa kwenye zote mbili: alilipa, na akapokea. Sijui kama kuna anayeweza kuivumilia kuitazama.

Ile Great Wall bado iko sebuleni. Tangu matangazo yahamie mfumo wa dijitali mwaka 2015 haishiki chochote, na hata kabla ya hapo betri ilikuwa imekufa. Mama ameifunika kwa kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe, na juu ya kitambaa ameweka picha yangu ya siku ya kumaliza darasa la nane. Laptopu yangu huwa naiweka mbele yake. Kwa hivyo, miezi yote hiyo, Mama alikuwa akimtazama jambazi wa New Jersey mbele ya runinga ya ndugu yake, na mimi sikuwa nimeliona hilo.

Nilipofika kipindi cha mwisho nilimwambia, nikamwomba akae. Alikaa, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Watu wengi wanaujua mwisho huo hata kama hawajauona: familia inakutana kwenye mkahawa mdogo, mlango unafunguliwa na kufungwa, kila anayeingia unamshuku, Tony anainua macho, na skrini inazima ghafla. Weusi mtupu, kimya. Mwaka 2007 watazamaji wengi Marekani walidhani mitambo yao imeharibika.

Mama pia alidhani hivyo. "Stima imeenda?"

Nikamwambia stima iko. Ndio mwisho.

"Hawajasema kama alikufa."

"Hawajasema."

"Na bibi yake na watoto?"

"Pia hawajasema."

Alikaa akiangalia ule weusi, na majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Nilingoja aseme ni upuuzi, kama wanavyosema wengi. Badala yake akaanza kuongea, bila kunitazama, kwa sauti ile anayotumia kuhesabu pesa. Akasema ile siku ya Septemba ndugu yake alikuja mchana, hakukuwa na kitu kilichoiva. Akamwambia angoje. Akasema hawezi kungoja, kuna mtu anamwita kwa steji, awekewe atakula akirudi. Akaniita, "Baba, nichungie chakula changu," na nikaitikia. Hilo mimi silikumbuki. Mama akasema alikifunika kwa sahani nyingine, akakiweka juu ya kabati paka asikifikie. Usiku ukapita. Kesho yake akakipasha moto, akakifunika tena. Siku ya tatu kikawa kimechacha.

Nikamuuliza kilikuwa chakula gani.

"Githeri," akasema. Akainuka, akachukua kikombe chake, akaniambia nisisahau kuzima taa.